Swynnerton: Bwana nyama aliyeusoma moto na kichaka cha Usukuma

WAZEE wa Shinyanga, Nzega na Choma, wilayani Igunga, wanaijua vyema vita ya majani na miti. Mvua zikinyesha nyasi hupanda na kuufunika mche. Kiangazi nyasi hizo huwa kuni za moto, na chipukizi lililosalimika huliwa na mbuzi. Mmoja wa watu waliotumia maisha yao kuichunguza vita hiyo ni Charles Francis Massy Swynnerton.

Alizaliwa Lowestoft, Uingereza, mwaka 1877. Akiwa kijana alihamia Rhodesia Kusini, ambayo sasa ni Zimbabwe, akasimamia shamba karibu na msitu wa Chirinda. Huko alikusanya ndege, wadudu na mimea, hata ndege mmoja mdogo wa misituni akapewa jina lake.

Mwaka 1919 aliteuliwa kuwa bwana nyama mkuu wa kwanza wa Tanganyika chini ya Waingereza. Adui aliyemkuta hakuwa simba wala tembo, bali mbung'o. Mdudu huyo alikuwa akieneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, na kila kichaka kiliposonga mbele, wafugaji walirudi nyuma. Aina mojawapo ya mbung'o hao inaitwa hadi leo Glossina swynnertoni.

Akishirikiana na watemi wa Kisukuma, Swynnerton aliwakusanya maelfu ya wananchi kufyeka vichaka Shinyanga. Lakini hakuamini shoka peke yake, kwa kuwa visiki vilichipua upya. Alijaribu pia moto. Sehemu nyingine nyasi zilihifadhiwa hadi zikauke kabisa, kisha zikachomwa kwa pamoja ili moto uwe mkali. Sehemu nyingine moto ulizuiwa kwa miaka, na miti ikasongamana hata mbung'o wapendao pori la wazi wakakosa raha. Hivyo aliona kwamba anayeshika kiberiti ndiye anayeamua kama ardhi itakuwa ya majani au ya miti.

Mwaka 1929 alikuwa mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o, makao yakiwa Shinyanga. Mwaka 1936 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu wadudu hao. Miaka miwili baadaye, Juni 1938, alifariki katika ajali ya ndege nchini Tanganyika, pamoja na mtaalamu wa mimea B. D. Burtt.

Ufyekaji uliendelea baada yake. Ng'ombe walipata malisho na watu walipata mashamba, lakini ardhi ilibaki uchi. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikielekea kuwa jangwa, na kuni zilifuatwa mbali.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Dawa ilipatikana kwa wenyeji wenyewe: ngitili, yaani malisho yanayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi. Mifugo ikizuiwa na moto ukidhibitiwa, visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini huchipua bila kupandwa. Kutoka hekta zipatazo 600 zilizojulikana mwaka 1986, ngitili zilizidi hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Uchipuaji uleule uliowachosha wafyekaji wa Swynnerton ndio uliowarudishia wajukuu wao kuni, dawa na kivuli.