Henryk Sienkiewicz, Mwandishi wa Wafiadini

Henryk Sienkiewicz alizaliwa mwaka 1846 katika Polonia. Siku zile wafalme watatu wa kigeni walikuwa wameigawanya nchi hiyo, na kwao walitawala Warusi. Henryk aliandika habari za vita vya mababu, ili watu wake wasikate tamaa.

Mara moja, huko Roma, rafiki yake mchoraji alimwonyesha kanisa dogo kando ya Njia ya Apia. Mapokeo yasema kwamba Mtume Petro, akiwakimbia watesi, alikutana hapo na Bwana Yezu aendaye mjini kusulibiwa tena. Petro akarudi, akafa msalabani. Habari hiyo ilimwingia Henryk moyoni. Mwaka 1896 kikatoka kitabu chake Quo Vadis, hadithi ya Wakristu walioteswa na Kaisari Nero. Kikasomwa katika nchi nyingi, naye mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel.

Vita ya 1914 ilipoanza alikwenda Uswisi, akawakusanyia Wapolonia wenye shida sadaka. Alifariki huko mwaka 1916, miaka miwili kabla nchi yake haijapata uhuru. Mwaka 1924 mwili wake ulirudishwa Warsaw.

Mkatekumeni anayeogopa akumbuke njia ile: Petro naye aliogopa, lakini alirudi.