John Akii-Bua: Mcheza Kwao na Tuzo Zake

Historia ya riadha ya Afrika ya Mashariki aghalabu huelezwa kwa majina ya wakimbiaji wa masafa ya kati na marefu. Jina la John Akii-Bua wa Uganda limekaa kando kidogo ya orodha hiyo, kwani yeye alikuwa bingwa wa mzunguko mmoja wa uwanja na viunzi kumi. Hata hivyo, kwa msomaji wa Migori au Homa Bay jina hilo halina ugeni. Akii-Bua alikuwa Mlango, na lugha ya Walango ni ndugu ya Dholuo. Zote mbili ni za tawi la Kinailoti cha Magharibi. Kusimulia maisha yake ni kusimulia habari za jamaa wa ng'ambo ya ziwa.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake kadhaa na watoto zaidi ya arubaini. Ujana ulipomfikia, Akii-Bua alijiunga na polisi mjini Kampala, na huko ndiko kipaji chake kilikogunduliwa. Alianza na viunzi virefu vya mita 110. Baadaye kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, aliyekuwa akiifunza timu ya Uganda, alimwelekeza kwenye mbio za mita 400 kuruka viunzi. Mbio hizi ni ngumu kwa kuwa zinadai mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi: kasi ya mkimbiaji wa masafa mafupi, na utulivu wa kuhesabu hatua hadi kila kiunzi huku pumzi ikiisha. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970 mjini Edinburgh alimaliza wa nne. Mwaka uliofuata alikimbia kwa sekunde 49.0 nchini Marekani, na ulimwengu ukaanza kumtazama.

Alijiandaa kwa Olimpiki ya Munich kwa mazoezi mazito, akikimbia na kuruka viunzi huku amevaa fulana iliyotiwa uzito. Fainali ilifanyika tarehe 2 Septemba 1972. Akii-Bua alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo wanariadha huiogopa kwa sababu kona zake ni kali. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwamo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Akii-Bua aliwapita wote katika sehemu ya mwisho na kumaliza kwa sekunde 47.82. Ralph Mann wa Marekani alikuwa wa pili na Hemery wa tatu. Hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia umbali huo wa viunzi kwa muda usiofika sekunde 48 kabla yake, wala hakuna Mganda aliyekuwa ametwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Kwa furaha, alizunguka uwanja akishangiliwa, huku akirukaruka kana kwamba viunzi vingali mbele yake.

Waswahili wana methali kuwa mcheza kwao hutuzwa, naye alituzwa. Serikali ya Idi Amin ilimpandisha cheo katika polisi, ikampa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake. Lakini tuzo hizo zilikuja na mtego ndani yake. Tangu Amin alipompindua Milton Obote mwezi Januari 1971, Walango, watu wa kabila la Obote, pamoja na Waacholi, walikuwa wakiandamwa na kuuawa. Katika hali hiyo Akii-Bua alitajwa na utawala kama kielelezo cha Mlango anayeishi kwa raha. Ushindi wake ukageuzwa pazia la kufunikia dhuluma iliyotendewa jamaa zake.

Mwaka 1976 ulimletea pigo la aina nyingine. Nchi nyingi za Afrika, Uganda na Kenya zikiwamo, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Akii-Bua hakupata nafasi ya kuutetea ubingwa wake. Mmarekani Edwin Moses alishinda kwa sekunde 47.64, na rekodi ya Munich ikavunjwa pasipo mwenyewe kuwapo uwanjani.

Utawala wa Amin ulipokuwa ukianguka mwaka 1979, Akii-Bua aliogopa kuhesabiwa kuwa mshirika wake. Alikimbilia Kenya pamoja na familia yake, na bingwa wa Olimpiki akajikuta katika kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma, ambayo alikuwa amevivaa viatu vyake, ndiyo iliyomtoa huko na kumpa kazi Ujerumani. Mwaka 1980 alirudi kukimbia kwa jina la Uganda katika Olimpiki ya Moscow, lakini hakufika fainali. Baadaye alirejea nyumbani, akawa kocha. Alifariki mjini Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47, akazikwa kwa heshima za kitaifa.

Uwanja wa michezo wa Lira una jina lake. Uganda ilingoja miaka 40 kuipata dhahabu nyingine ya Olimpiki, hadi Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni mjini London mwaka 2012. Naye Mkenya Nicholas Bett, alipokuwa bingwa wa dunia wa mbio hizi hizi mjini Beijing mwaka 2015, alikimbia kwa sekunde 47.79. Tofauti kati yake na Akii-Bua ni sekunde 0.03 tu, baada ya miaka 43.

Rekodi huwekwa ili zivunjwe, na hilo halimpunguzii Akii-Bua chochote. Linalofaa kuzingatiwa ni kwamba mcheza kwao hutuzwa, ila si kila anayemtuza humpenda. Nyumba na cheo alivipata kwa hisani ya mtawala, na vilipotea pamoja na mtawala huyo. Zile sekunde 47.82 alizitolea jasho mwenyewe, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya.