Vittorio Sella: mpiga picha aliyengoja mawingu ya Ruwenzori

Milima ya Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, haijionyeshi ovyo. Mtu aweza kukaa Fort Portal juma zima asione ila mawingu. Hata Stanley, aliyepita huko mwaka 1888, aliiona theluji yake pale mawingu yalipofunguka. Leo tumkumbuke mtu aliyefika huko mwaka 1906 akiwa na kamera, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kungoja.

Vittorio Sella alizaliwa mwaka 1859 Biella, kaskazini mwa Italia, chini ya milima ya Alpi. Wasomaji wenye ibada kwa Bikira Maria wa Oropa watautambua mji huo, kwa kuwa mahali pale pa hija papo milimani juu yake. Ukoo wake ulikuwa na viwanda vya nguo za sufu. Baba yake, Giuseppe Venanzio, alikuwa ameandika mwaka 1856 kitabu cha upigaji picha, mojawapo ya vya kwanza katika Kiitalia. Baba yake mdogo, Quintino, alikuwa waziri wa fedha, naye ndiye aliyeanzisha chama cha wapanda milima wa Italia mwaka 1863. Hivyo kijana alirithi mambo mawili, kamera kwa huyu na mlima kwa yule, akayaunganisha.

Kuyaunganisha hakukuwa rahisi. Picha za siku zile zilipigwa juu ya kioo. Kioo kilipakwa dawa, picha ikapigwa kabla dawa haijakauka, kisha ikasafishwa papo hapo ndani ya hema lenye giza. Mwaka 1879, akiwa na miaka 20 hivi, Sella alipandisha mzigo huo wote hadi kilele cha Monte Mars, karibu na kwao, apate kupiga picha ya mandhari yote iliyozunguka. Baadaye vioo vikavu vilipopatikana alichagua vikubwa, sentimita 30 kwa 40, kila kimoja karibu kilo moja. Angeweza kutumia vidogo. Sisi tunaobeba kamera mfukoni ndani ya simu, tukapiga picha arobaini za machweo yale yale na kuzisahau kesho yake, tufikirie mtu ambaye kila picha ilikuwa kilo moja mgongoni. Mtu wa namna hiyo hutazama sana kabla ya kupiga.

Machi 1882 alivuka kilele cha Matterhorn, mita 4,478, wakati wa baridi kali, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Majira ya joto alirudi kilele kile kile, safari hii kwa ajili ya picha. Baadaye akaenda Kaukasi mara tatu, Alaska mwaka 1897, na Himalaya mwaka 1899 kuuzunguka mlima Kangchenjunga.

Mwaka 1906 Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Savoia, alimchukua Ruwenzori. Walishuka Mombasa, wakapanda treni hadi ziwani, wakavuka hadi Entebbe, kisha wakatembea hadi Fort Portal na kupandisha bonde la Mubuku. Juni 18 mwanamfalme alisimama juu ya kilele cha juu kabisa, mita 5,109, akakiita Margherita kwa heshima ya malkia wa Italia. Sella naye alikuwa na kazi isiyokwenda mbio. Ukungu na mvua ndiyo hali ya kawaida huko, na mwanga mzuri huja alfajiri kwa kitambo kifupi. Ilimbidi awe tayari baridini, kamera imesimama, kabla hajajua kama mlima utaonekana siku hiyo au la.

Hapa tuna neno. Vilele vilipewa majina ya wafalme na malkia wa Ulaya, na kimoja kinaitwa Sella hadi leo. Lakini mizigo ilipandishwa na Wakonzo, wenyeji wa milima ile, ambao walikuwa wakiiita Rwenzururu tangu zamani, jina linalohusu theluji. Hakuna kilele kilichopewa jina la mpagazi. Tukizisifu picha zile, tukumbuke na migongo iliyobeba.

Mwaka 1909 alikwenda K2 na mwanamfalme yule yule, na picha zake za safari hiyo ndizo zinazosifiwa zaidi. Ansel Adams, mpiga picha mashuhuri wa Marekani, aliandika kwa heshima kubwa juu yake. Mwaka 1935, akiwa na miaka 76, Sella alijaribu tena kupanda Matterhorn, akarudi njiani kwa sababu ya ajali iliyomjeruhi mmoja wa waongozaji wake. Alifariki Biella mwaka 1943.

Picha za Ruwenzori zimepata kazi ambayo yeye hakuifikiria. Mwaka 1906 barafu ya milima ile ilienea karibu kilomita za mraba 6.5, kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya 1. Wataalamu wanaopanda leo husimama karibu na pale aliposimama Sella, wakiwa na picha yake mkononi, wakalinganisha. Pale ambapo picha inaonyesha barafu, mara nyingi wao huona mwamba mtupu.