Mackay, fundi wa Uskoti aliyekwama pwani ya Kagera

Agosti 1878, kabla mji wa Bukoba haujakuwepo, boti iitwayo Daisy ilivunjika kwenye pwani ya magharibi ya Ziwa Victoria. Fundi wa kuitengeneza hakuna. Basi mmoja wa Wazungu wawili waliokuwemo akaikata yeye mwenyewe: mbao za katikati akazitumia kuziba mbele na nyuma. Baada ya wiki kama nane wakaondoka na boti fupi kuelekea Buganda.

Fundi huyo ni Alexander Mackay, aliyezaliwa mwaka 1849 Rhynie, Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji na alitaka mtoto amfuate, lakini kijana alipenda mashine. Akasomea uhandisi, akafanya kazi Berlin, na mwaka 1876 akaja Afrika na shirika la CMS la Uingereza. Upadri hakuupata kamwe. Hata kubatiza aliwaachia wengine.

Kabla ya kufika ziwani alisimamia ukataji wa barabara ya Saadani hadi Mpwapwa, karibu kilomita 370. Watu wakampa jina la Mzungu wa Kazi.

Lakini kazi yake iliyodumu ni uchapaji. Herufi nyingine alizichonga mwenyewe kwa mbao. Alichapa karatasi za kujifunzia kusoma, baadaye Injili ya Mathayo kwa Kiganda. Vijana wa ikulu walizigombania, hadi Mkristo akawa anaitwa msomaji.

Usomaji huo uligharimu roho za watu. Januari 1885, miezi michache tu baada ya Mwanga kurithi kiti cha Mutesa, vijana watatu wa misheni walichomwa moto. Mwaka 1886 wengine wengi wakauawa, baadhi yao Namugongo. Mackay hakukimbia. Alichapa barua ya kuwatia moyo Wakristo waliojificha, ikasambazwa kimyakimya.

Mwaka 1887 alifukuzwa Buganda, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa. Huko, 1889, aliwapokea Stanley na Emin Pasha. Februari 1890 malaria ikamuua akiwa na miaka 40 tu. Miaka 14 hakurudi kwao hata kwa likizo. Novemba mwaka huohuo, mgeni wake Emin akaanzisha kituo cha Bukoba.

Mackay hakuhubiri Buhaya, ila vitabu vya Kiganda vilivuka mpaka. Wahaya waliojifunza kusoma Uganda walirudi navyo nyumbani, wakawa wanasali wenyewe kabla wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani hawajafika Bukoba mwaka 1910. Kanisa la Kilutheri la Kagera, lenye hospitali yake pale Izimbya, lilianzia kwa wasomaji hao.