Miina Sillanpää: Mtumishi wa nyumbani aliyeingia Bunge la Finland

Kila ifikapo tarehe 1 Oktoba, bendera hupandishwa kote nchini Finland kumkumbuka mwanamke aliyeanza kazi kiwandani akiwa na umri wa miaka 12. Wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Helsinki, Tampere au Turku huziona bendera hizo kila mwaka, ingawa si wote wanaoijua habari yake.

Jina lake ni Miina Sillanpää. Alikuwa miongoni mwa wanawake 19 walioshinda viti katika uchaguzi wa bunge wa Machi 1907, nao wakawa wanawake wa kwanza duniani kuchaguliwa kuwa wabunge. Kiti alikipata akiwa na miaka 40. Sheria aliyoitaka kwa ajili ya watumishi wenzake ilichukua miaka mingine 42.

Mtoto wa miaka ya njaa

Alizaliwa tarehe 4 Juni 1866 katika kijiji cha Jokioinen, kusini magharibi mwa nchi, na kupewa jina Vilhelmiina Riktig. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini waliolima ardhi isiyo yao, wakiwa na watoto tisa wa kulea. Miaka hiyo Finland ilikumbwa na njaa kuu iliyoangamiza kiasi cha asilimia 8 ya wakazi wake.

Alipofika umri wa miaka 12 aliingia katika kiwanda cha pamba mjini Forssa, na baadaye akafanya kazi katika kiwanda cha misumari. Akiwa na miaka 18 alikwenda mji wa Porvoo kutumika katika nyumba za watu. Huko ndiko alikojipa jina jipya la Miina Sillanpää. Baadaye alihamia Helsinki, akiendelea na kazi hiyo hiyo.

Mtumishi wa nyumbani wa zama hizo aliishi chini ya kanuni za mwaka 1865, zilizomweka katika mamlaka ya mwenye nyumba kama mtoto anavyokuwa chini ya baba. Mkataba ulikuwa wa mwaka mzima, na kuondoka kabla ya muda wake kulikuwa kosa. Saa za kazi hazikuwa na kikomo. Wengi walilala jikoni, wakiitwa usiku kama walivyoitwa mchana.

Mwaka 1898 watumishi wa Helsinki waliunda chama chao, na Sillanpää akawa kiongozi wake kwa takriban nusu karne. Chama hicho kilifungua ofisi ya kuwatafutia wanachama kazi, pamoja na makazi ya muda kwa waliokosa ajira. Aliyefukuzwa kazi alikuwa amefukuzwa pia mahali pa kulala. Kwa hiyo kitanda kilikuwa na thamani kubwa kuliko hotuba.

Uchaguzi uliofungua mlango

Finland wakati huo haikuwa taifa huru. Ilikuwa sehemu ya milki ya Urusi tangu 1809, na bunge lake la kale liligawanywa katika matabaka manne: makabaila, makasisi, wafanyabiashara wa mijini na wakulima wenye ardhi. Mtumishi hakuwa na nafasi katika tabaka lolote.

Mgomo mkuu wa mwaka 1905 ulimlazimisha Tsar Nicholas II kulegeza kamba. Mwaka uliofuata likaanzishwa bunge jipya lenye wajumbe 200, na haki ya kupiga kura na kugombea ikatolewa kwa wanaume na wanawake waliotimiza miaka 24. Idadi ya wapiga kura iliongezeka takriban mara kumi. Hata hivyo, waliokuwa wakipokea misaada ya maskini waliachwa nje.

Katika uchaguzi wa tarehe 15 na 16 Machi 1907, chama cha Social Democratic kilipata viti 80, kikawa kikubwa kuliko vyote bungeni. Wanawake tisa kati ya wale 19 walitoka katika chama hicho, Sillanpää akiwa mmojawapo. Wengine walikuwa wa vyama vya tabaka la kati, na wapo waliokuwa na watumishi majumbani mwao. Suala la saa za kazi jikoni liliwagawa wanawake hao, japo walikuwa wameingia bungeni kwa mlango mmoja.

Kura bila madaraka

Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa Saint Petersburg. Hakuna sheria iliyoweza kutumika bila idhini ya Tsar, naye alilivunja bunge mara kwa mara. Kati ya 1907 na 1911 wananchi waliitwa kupiga kura kila mwaka.

Mwaka 1917, mwaka ule ule wa uhuru, bunge lilipitisha sheria ya siku ya kazi ya saa nane, lakini haikuwagusa watumishi wa nyumbani. Mwaka 1918 nchi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sillanpää hakuunga mkono uasi wa kutumia silaha, na mwaka 1919 alirejea bungeni katika chama kilichokuwa kimepoteza viongozi wengi. Zile kanuni za 1865 zilifutwa mwaka 1922.

Desemba 1926 Väinö Tanner aliunda serikali ya Social Democratic, na Sillanpää akateuliwa kuwa waziri wa pili wa masuala ya jamii. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri nchini humo. Serikali hiyo ilidumu mwaka mmoja.

Miaka ya mwisho

Shughuli nyingine aliyoishika hadi uzeeni ilikuwa kuwatetea akina mama wasioolewa, ambao wengi wao walikuwa watumishi waliopoteza kazi kwa kupata mimba. Alisaidia kuanzisha nyumba za kuwapokea wao na watoto wao wachanga, na mwaka 1945 nyumba hizo zikaunganishwa chini ya shirikisho moja.

Aliondoka bungeni mwaka 1947, akiwa ametumikia jumla ya miaka 38. Mwaka 1949 Finland ilipitisha sheria ya wafanyakazi wa nyumbani iliyoweka kanuni za saa za kazi na mapumziko. Sillanpää, aliyekuwa na miaka zaidi ya 80, alikuwa hai kuishuhudia. Alifariki dunia mjini Helsinki tarehe 3 Aprili 1952.

Bendera ya kumkumbuka ilianza kupandishwa rasmi mwaka 2016. Katika uchaguzi wa bunge wa Aprili 2023, wanawake walishinda viti 92 kati ya 200.