George Anyona na kifungu cha 2A

Waulize vijana wetu wa Pwani vyama vingi vilirudi lini Kenya, wengi watakujibu 1991. Waulize tena vilipigwa marufuku lini kwa mujibu wa Katiba, na kwa sababu ya nani, hapo utaona watu wanakuna vichwa. Jibu liko mbali na bahari, huko Nyamira, kwenye vilima vya Kitutu, alikotoka George Moseti Anyona.

Alizaliwa 1945, akasoma Alliance na Makerere, na mwaka 1974 akaingia Bungeni kwa kiti cha Kitutu Mashariki. Hakudumu. Alihoji zabuni ya mabehewa ya reli, na Mei 1977 akatiwa kizuizini bila kushtakiwa. Alitoka Desemba 1978, Moi alipowaachilia wafungwa wa kisiasa. Mwaka uliofuata KANU ikamzuia kugombea.

Sasa hapa tutulie kidogo. Hadi mwaka 1982 Katiba ya Kenya haikukataza chama cha pili. KANU ilikuwa imebaki peke yake tangu KPU ipigwe marufuku 1969, lakini hakuna kifungu cha Katiba kilichosema lazima iwe hivyo. Mwanya huo Anyona na Jaramogi Oginga Odinga waliuona, wakaanza mipango ya kuunda chama. Serikali ikamrudisha Anyona kizuizini, kisha Juni 9 Bunge likapitisha kifungu cha 2A: KANU ndiyo chama pekee. Charles Njonjo aliwasilisha mswada, Mwai Kibaki akaunga mkono (ndiyo, Kibaki huyu huyu aliyekuja kuidhinisha Katiba ya 2010). Ilichukua siku moja tu, na mwananchi hakuulizwa.

Julai 1990 akakamatwa tena pamoja na wenzake watatu, na mwaka 1991 wakahukumiwa miaka 7 kwa uchochezi. Kosa hilo sisi tunalijua vizuri. Ndilo lililomfunga Abdilatif Abdalla wa Mombasa miaka 3, mwaka 1969, kwa waraka wa Kenya: Twendapi?

Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Anyona akatoka jela mwaka uliofuata, akarudi Bungeni kama mbunge wa Kitutu Masaba kwa chama chake, Kenya Social Congress. Mwaka 1997 alikuwa miongoni mwa wabunge wa IPPG, mazungumzo ambayo wanaharakati wengi waliyadharau wakisema ni ya kuwaokoa wakubwa. Kwa maoni yangu walikosea nusu. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyofuta kosa la uchochezi, yakaondoa kizuizini bila mashtaka, na kuandika ndani ya Katiba kwamba Kenya ni nchi ya vyama vingi. Mtu aliyefungwa kwa sheria hizo alikuwa ndani ya chumba zilipofutwa.

Alishindwa uchaguzi wa 2002. Novemba 2003 akafa katika ajali ya gari, huku wajumbe wa Bomas wakiwa bado hawajamaliza rasimu ya Katiba mpya.