Kardinali Joseph Cardijn, Padre wa Vijana Wafanyakazi

Vijana wa VIWAWA katika parokia zetu wanaifahamu njia ya hatua tatu: kuona, kuamua, kutenda. Tunaifundisha katika semina za viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, na wahudumu wa haki na amani wanaitumia kila mara. Wengi wetu hatujui kwamba chanzo chake ni mseminari aliyerudi nyumbani likizo akakuta rafiki zake hawamtaki.

Joseph Cardijn alizaliwa tarehe 13 Novemba 1882 huko Schaerbeek, pembeni mwa Brussels, Ubelgiji, akakulia katika mji mdogo wa Halle. Baba yake alikuwa muuza makaa ya mawe. Katika familia za namna ile mtoto akimaliza shule ya msingi alikwenda kiwandani, na wazazi walikuwa wakiusubiri mshahara wake. Usiku mmoja kijana aliwaomba wamwache asome awe padre. Baba, ingawa alikuwa amechoka, alikubali kuendelea kubeba mzigo.

Alipotoka Seminari Ndogo ya Mechelen kwenda likizo, aliwatafuta wenzake waliosoma naye. Walikuwa wameshaanza kazi viwandani, wengine wameacha Kanisa, na walimwona kama mtu aliyehamia upande wa matajiri. Jambo hili lilimchoma maisha yake yote. Sisi mafrateri tukienda likizo, wenzetu wanaoendesha bodaboda au wanaoshinda machimboni hawatutukani. Wanatuamkia kwa heshima na kutupisha kiti. Lakini heshima nayo inaweza kuwa ukuta. Anayekuita Frateri huku akificha kwamba hajalipwa miezi miwili bado hajakuamini.

Mwaka 1903 baba yake alifariki, na Joseph akiwa kando ya kitanda chake aliapa kuyatoa maisha yake kwa ajili ya wafanyakazi. Alipewa daraja ya Upadre mwaka 1906, wakati Askofu Mkuu wa Mechelen akiwa Kardinali Mercier, ambaye sisi wa falsafa tunamkumbuka kwa kuanzisha taasisi ya falsafa ya Mtakatifu Thoma pale Leuven. Padre Cardijn akasoma elimu ya jamii, akafundisha seminarini miaka kadhaa, na nyakati za likizo akasafiri kwenda kuona vyama vya wafanyakazi, hata Uingereza.

Mwaka 1912 alipelekwa kuwa paroko msaidizi Laeken, parokia yenye wafanyakazi wengi. Alianza na wasichana wa viwandani na washonaji. Hakuwakusanya ili awahubirie. Aliwatuma wakachunguze: mnaingia kazini saa ngapi, mnalipwa kiasi gani, nani kati yenu ni mgonjwa, nyapara anawatendeaje. Walirudi na majibu, na hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Kwanza waliliona jambo lenyewe lilivyo. Kisha walilipima kwa Injili na mafundisho ya Kanisa. Mwisho kila mmoja alisema atafanya nini, hata kama ni kumtembelea tu mwenzake aliyefukuzwa kazi. Wakikutana tena, walitoa hesabu ya walichokifanya.

Hapa tunaomba wasomaji wasikimbie. Katika jumuiya zetu nyingi tunasoma Injili, tunatoa maombi, tunaingia kwenye michango, tunatawanyika. Hatua ya kwanza tumeiruka, na ya tatu imegeuka kuwa mchango. Kwa Cardijn, kutenda kulikuwa shule: kijana aliyethubutu kumsemea mwenzake mbele ya nyapara alirudi akiwa mtu mwingine, na kesho yake aliweza kumwongoza mwenzake. Viongozi walitoka miongoni mwa wafanyakazi wenyewe, kwa sababu aliamini mtume wa mfanyakazi ni mfanyakazi. Padre aliwalea, kazi wakaifanya wao. Kwetu tunaojiandaa kuwa mapadre, hili ni gumu kuliko linavyosikika, maana tumezoea kufikiri kwamba padre akikaa kimya hakuna kikao.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Wajerumani walioikalia Ubelgiji walimfunga mara mbili. Baada ya vita aliendelea pamoja na vijana watatu walei, Fernand Tonnet, Paul Garcet na Jacques Meert, na kutoka kwao kikakua chama cha Vijana Wakristo Wafanyakazi, JOC. Si wote ndani ya Kanisa waliokipenda. Kardinali Mercier mwenyewe alihofia kwamba chama cha wafanyakazi peke yao kingewagawa vijana Wakatoliki. Cardijn alikwenda Roma mwaka 1925, na Papa Pius XI akamsikiliza na kuibariki kazi yake. Miaka kumi baadaye, vijana wapatao 100,000 walikusanyika Brussels.

Vita vya Pili vilimrudisha gerezani mwaka 1942. Yeye alitoka. Tonnet na Garcet walifia katika kambi ya Dachau mwanzoni mwa 1945. Huwa tunamtaja padre na kuwasahau walei hawa, nasi tumeona tuwataje, kwa kuwa wao walilipa zaidi.

Baada ya vita alizunguka dunia, Afrika ikiwemo. Mwaka 1960 alimshauri Papa Yohane XXIII atoe waraka wa kukumbuka miaka 70 ya Rerum Novarum, na Mater et Magistra ilipotoka mwaka 1961 hatua zake tatu zilikuwa zimeandikwa ndani yake. Ndivyo zilivyopata nafasi katika mafundisho ya Kanisa, na maaskofu wetu wa AMECEA walipozipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo miaka ya 1970, njia ya kuzilea ilikuwa tayari mkononi.

Papa Paulo VI alimfanya Kardinali mwezi Februari 1965, akiwa na miaka 82, na mwaka huohuo alizungumza katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano akitetea uhuru wa dini. Alifariki Leuven tarehe 24 Julai 1967. Amezikwa Laeken, katika kanisa la parokia alikoanza na wasichana wa viwandani.